Barua Iliyokwenda Kuposa

Miaka ile ya Mwingereza, kijana wa Tabora akitaka kuoa na hana mjomba mwenye ulimi, alikuwa na milango miwili ya kubisha, yote iko mtaa wa Gongoni na yote inatazamana. Akianzia kwa Bi Batuli, mshenga, bibi huyo atamsikiliza, atamkagua mpaka viatu, kisha atamwambia, "Vuka barabara, Karani akuandikie barua ya posa. Mwambie umetoka kwangu." Akianzia kwa Karani Justus, mwandishi wa barua, ataandikiwa barua yake, itapulizwa mpaka wino ukauke, kisha Karani ataelekeza kalamu ng'ambo. "Kampe Bi Batuli aipeleke. Mimi najua kuandika tu, maneno ya mlangoni ni yake."

Walikaa hivyo miaka kumi na minne, na barabara iliyowatenga ilikuwa ile ile ya misafara ya zamani, ambayo siku hizo haikupitisha misafara tena ila baiskeli na mbuzi. Bi Batuli alikuwa Mwislamu wa mjini, mjane mwenye wajukuu, na hata Wakristo walimtuma, maana hapakuwa na baba wa binti aliyewahi kumkatalia kabla kikombe cha chai hakijaisha, naye hakukimaliza mpaka akubaliwe. Karani alikuwa Mkatoliki aliyesomeshwa misioni, amefiwa na mke, ana miwani, baiskeli na shati moja jeupe la heshima. Kila asubuhi akifungua meza yake barazani alipaza sauti, "Shikamoo, Bi Batuli," na ng'ambo ikamjibu, "Marahaba, Karani. Leo umekuwa nani?"

Swali hilo lilikuwa na asili yake. Karani alikuwa na namna yake ya kuandika: alifumba macho akaisema barua kwa sauti kwanza, tena akaisema kana kwamba yeye ndiye mwenye shida. Mwanamke akija kumwandikia mumewe aliyekwenda Kigoma, Karani alisema, "Mimi mkeo nimechoka, mimi nimebaki na watoto watatu na paa linavuja," na machozi yakamtoka kweli. Wapita njia walikwisha kuzoea kumwona mtu mzima mwenye masharubu akilalamika kwamba mumewe hampendi. Ila jina hakuliandika kamwe. Barua ikiisha, mteja alisogea mezani akatia sahihi, au akachovya dole gumba kwenye wino akaligandamiza chini ya karatasi, na hapo ndipo ile "mimi" ilipopata mwenyewe.

Basi kilichomharibu Karani ni shingo la kuku.

Ilikuwa harusini, huko Chemchem. Barua ya posa aliiandika yeye, na ilikuwa barua nzuri. Mama wa bibi harusi aliiweka chini ya mto akailalia. Lakini siku ya karamu Bi Batuli aliketishwa kwenye kiti cha mgongo karibu na bibi harusi, kanga mpya begani, na paja la kuku likaletwa kwake likiwa zima. Karani alikaa kwenye benchi la mlangoni pamoja na walinzi wa baiskeli. Sahani ilipomfikia ilikuwa na wali wa kutosha, na shingo. Akalitazama lile shingo, akalitazama lile paja kwa mbali, na moyo ukamwuma. Alijiuliza ni kitu gani hasa anachokifanya yule bibi ambacho yeye hakiwezi. Anakwenda, anabisha hodi, anasema. Kusema nako ni kazi?

Juma lililofuata akaja Anselm, kijana wa reli ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni pale stesheni. Alimpenda Pelagia, binti wa Mzee Nikolaus, mkulima wa Ntalikwa, na Pelagia alimpenda. Wenyewe walikwisha kukubaliana nyuma ya kanisa, lililobaki ni wazee. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, lakini safari hii hakuelekeza kalamu ng'ambo. Alivua miwani akaifuta.

"Anselm, mwanangu, ya nini kuhangaika milango miwili? Siku hizi hapa yanaisha yote. Barua yako nitakwenda kuisema mwenyewe, kwa kinywa."

"Na Bi Batuli?"

"Bi Batuli amechoka, mwache apumzike."

Bi Batuli hakuwa amechoka. Alikuwa amekaa hatua ishirini kutoka pale anachambua mchele, na masikio yake yalikuwa mazima. Kesho yake Karani alipopaza shikamoo yake, ng'ambo kukawa kimya. Akadhani hakusikika, akarudia. Bi Batuli akainua uso, akamtazama kama mtu atazamavyo ukuta, akarudi kwenye mchele wake. Kumnyima mtu marahaba si jambo dogo. Shikamoo imekwisha kutoka, hairudi kinywani, na pa kutua haina. Karani alijikaza akasema itapita. Haikupita. Aliendelea kuamkia kila siku, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na kila siku shikamoo yake iliishia katikati ya barabara na mbuzi.

Wala Bi Batuli hakuishia hapo. Siku ya tatu alitandika mkeka barazani kwake, akaweka karatasi na kalamu, akatangaza kwamba naye sasa anaandika barua. Kuandika alikujua, alifundishwa na marehemu mumewe. Mteja wake wa kwanza alikuwa Lugembe, mchinjaji, aliyetaka ruhusa ya bomani afungue bucha Chemchem. Lakini Bi Batuli, katika miaka thelathini ya ushenga, hakuwahi hata siku moja kuomba kitu kwa kukitaja jina. Mshenga hasemi "tunamtaka binti yenu". Anasema amepita akaona ua limechanua. Naye akaandika vivyo hivyo, kwa mwandiko safi kabisa:

"Kwako Bwana Shauri. Sisi ni wageni wako, tumetembea, tumechoka, tumeona moshi nyumbani kwako tukasema tupite. Tumesikia kwako kuna kitu kizuri, nasi tunaye kijana wetu, mpole, hanywi, mikono yake inajua kazi. Kitu chenyewe hatukitaji, wewe ni mtu mzima unakijua. Tunangoja neno lako."

Jibu lilirudi limepigwa kwa mashine. Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, alishukuru sana kwa heshima waliyompa, ila binti yake yuko Ulaya, ana umri wa miaka tisa, na kwa sasa hafikirii kumwoza kwa mtu yeyote. Lugembe hakuamini alivyosomewa, akaivusha barua hiyo barabara ili Karani naye aisome. Karani aliisoma mara mbili kwa raha tupu, kisha akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Jumamosi, kicheko hicho kikiwa bado kifuani, alivaa shati lake jeupe akapanda baiskeli kwenda Ntalikwa. Mzee Nikolaus alimpokea vizuri. Wakaamkiana kwa Kinyamwezi, kigoda kikaletwa, na togwa ikaletwa. Mke wa mzee alikaa mlangoni na ungo wake, na jikoni vyungu vikanyamaza kwa namna iliyoonyesha kwamba Pelagia yuko karibu navyo. Kisha mzee akakunja mikono akangoja. Karani alipotaka kuanza aligundua kwamba hana meza wala karatasi, na bila vitu hivyo ulimi wake haukujua pa kushika. Akafanya alichokijua. Akafumba macho.

"Kwako Mzee Nikolaus. Salamu nyingi sana. Baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu."

Mzee Nikolaus, aliyekuwa hatua mbili kutoka kwenye macho hayo, akamtazama mkewe.

"Nia ya maneno haya ni kukujulisha kwamba mimi nimempenda binti yako Pelagia. Mimi silali. Mimi nikisikia treni inapiga honi nasikia jina lake. Mimi sina mali ya kujivunia, lakini mimi mikono yangu ni mizima, na mimi nitamtunza mpaka mauti. Ukinikatalia, mimi sijui nitaelekea wapi." Sauti ikamtetemeka, chozi likamshuka mpaka kwenye masharubu. "Nikomee hapo. Ni mimi mtiifu wako."

Akanyamaza, kama alivyonyamaza mara elfu pale Gongoni, akingoja mwenye barua asogee atie sahihi. Hakusogea mtu. Alipofumbua macho akamkuta mke wa mzee anajifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Nimesikia," alisema Mzee Nikolaus polepole. "Maneno yamenyooka. Jumatano nitaleta jibu mwenyewe."

Karani alirudi mjini anapiga mluzi, na njia nzima, moyoni, alikuwa anakula paja la kuku.

Jumatano Anselm aliomba ruhusa kazini, akaja kukaa barazani kwa Karani, kofia ya reli magotini. Mzee Nikolaus akatokea na kuku aliyefungwa miguu. "Mkwe wangu," alisema kwa furaha, na Anselm akasimama kumpokea. Mzee akampita. Akamkabidhi Karani yule kuku mikononi.

"Nimekubali, mwanangu. Umri si neno, mjane anajua kutunza. Padri nimekwisha kumwambia, Jumapili hii atatangaza kanisani: Justus na Pelagia."

Karani alifungua kinywa, kuku ndiye aliyelia.

"Mzee, kuna kosa hapa. Mimi si mimi. Mimi ni huyu."

"Huyu nani?"

"Huyu Anselm. Nilipokuwa nasema mimi, nilikuwa namsema yeye."

Mzee Nikolaus akamtazama Anselm, akamrudia Karani, na furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo. "Ulikaa kwenye kigoda changu ukasema mimi, mimi, mimi, ukalia. Majirani wote wanajua mwanangu amechumbiwa na Karani wa Gongoni. Leo unamkataa? Nisikilize vizuri. Ukimkataa umemtia aibu, na aliyemtia aibu mwanangu, pamoja na rafiki zake wote, asikanyage Ntalikwa tena." Akageuka akaenda zake, kwa kuwa alijua hapo ameshinda.

Anselm alibaki amesimama. Hakugomba, na afadhali angegomba. "Karani," alisema, "nilikupa moyo wangu ukanisemee, ukausema kama wako." Akavaa kofia, akaondoka.

Hapo ndipo Karani alipouona ukubwa wa jambo. Akikataa, Anselm amemkosa Pelagia milele. Akinyamaza, Jumapili anatangazwa yeye, na Anselm amemkosa vile vile. Neno la kupita katikati ya hayo mawili halikuwa kwenye wino wake. Lilikuwa ng'ambo ya barabara, na mwenye nalo hamjibu hata shikamoo. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka, na chini ya haya hiyo alimkumbuka yule bibi kwa hamu, jambo ambalo hakulitegemea.

Akakaa akaandika barua ya kuomba radhi, kurasa tatu. Asubuhi ya pili akavuka nayo, kuku kwapani. Barazani kwa Bi Batuli akamkuta Pelagia mwenyewe amekaa kwenye mkeka, vumbi la Ntalikwa miguuni.

"Shikamoo, Bi Batuli," alisema Karani.

Kimya. Pelagia ndiye aliyesema, kwa adabu, macho chini. "Shikamoo, Karani. Usione vibaya nimekuja huku. Maneno yako siku ile nilipenda yote. Ila nilipochungulia mlangoni nione yanatoka kwa nani, nikavunja chungu."

Karani akampa Bi Batuli barua. Bi Batuli aliisoma kurasa zote tatu bila haraka, akageuza ya mwisho nyuma na mbele, akamrudishia.

"Nzuri. Hii 'mimi' ya nani? Haina sahihi."

Ilikuwa kweli. Katika maisha yake yote hakuwahi kuandika jina chini ya barua, na mkono ulikuwa umefuata mazoea. Akakimbilia kalamu iliyokuwa mkekani, lakini Bi Batuli akaiwekea mkono.

"Iache. Utaniambia kwa kinywa, siku utakapojua anayesema ni nani. Sasa nisikilize. Huyu mtoto hana kosa, nitakwenda Ntalikwa kesho kwa ajili yake. Wewe utakuja, na Anselm atakuja. Ulete chupa yako ya wino. Na ukifungua kinywa chako kabla sijakuruhusu, nakuacha uoe."

Akatazama pembeni kidogo, akaongeza kwa sauti ndogo zaidi, "Na Lugembe ananisumbua. Umwandikie Bwana Shauri kwamba ni bucha."

Ijumaa wakaenda. Bi Batuli alikaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, miguu upande mmoja, kuku mapajani, na Karani akaisukuma njia nzima. Anselm alifuata nyuma kwa mbali. Mzee Nikolaus aliwapokea bila kicheko, lakini chai ikaletwa, na Bi Batuli akaishika bila kuinywa. Alisifu mihogo. Alisifu paa. Aliuliza habari za mvua mpaka mzee mwenyewe akachoka kungoja.

"Mzee wangu," alisema mwisho, "nimesikia mlipata barua hapa."

"Barua sikupata. Nilipata mtu."

"Huyu?" Bi Batuli alimwonyesha Karani, aliyekuwa amesimama wima katikati ya uwanja kama alivyoamriwa. "Huyu si mtu, Mzee wangu. Huyu ni barua. Ana miaka kumi na minne ni barua, mji mzima unajua. Juzi alikuwa mke wa mtu wa Kigoma. Wiki iliyopita alikuwa bibi kizee anayedai mbuzi wake. Je, barua ikisema 'mimi nakupenda', anayeoa ni karatasi?"

Mke wa mzee akaweka ungo chini ili asikie vizuri. Mzee Nikolaus akawaza. "Barua ina jina chini," alisema. "Hii haikuwa na jina."

"Hapo ndipo ilipokosewa, sikatai. Ilifika kabla haijatiwa sahihi. Ndiyo tumekuja kuitia." Akageuka. "Anselm, njoo, mwanangu. Wino."

Akakishika kidole gumba cha Anselm, akakichovya ndani ya chupa mpaka kwenye kifundo, akakigandamiza kifuani pa Karani, juu ya lile shati jeupe la heshima, chini kidogo ya mfuko, mahali ambapo sahihi hukaa. Wino ukapenya mpaka kwenye ngozi. Karani aliusikia ulivyo baridi, akakumbuka sharti, akanyamaza.

Mzee Nikolaus alisogea karibu akaikagua ile alama kama mtu anayekagua risiti ya pamba. Midomo ilikuwa inamcheza. "Pelagia," aliita, "barua hii umeisoma?"

Pelagia akatokeza mlangoni. "Nimeisoma, baba. Maneno nimeyakubali. Mwandiko ndio wa kizee."

Hapo mzee alishindwa. Alicheka mpaka akashika nguzo, mkewe akacheka, Anselm akacheka na wino wake mkononi, na barua pekee ndiyo haikucheka, kwa kuwa haikuwa imeruhusiwa. Kuku alitolewa mapajani mwa Bi Batuli akapewa Anselm, akiwa sasa amefika kwa mwenyewe. Bi Batuli akanywa chai yake.

"Na Padri?" aliuliza mzee akijifuta macho. "Amekwisha kuandika jina la Justus kwenye kitabu chake. Nimwambie nini?"

"Hilo ni la kuandika," alijibu Bi Batuli, "na mambo ya kuandika mimi siyawezi. Pale Gongoni, ng'ambo ya kwangu, yuko karani mmoja hodari. Mwambie umetoka kwangu."

Karani aliyasikia maneno hayo. Alijua yanavyosemwa, na alijua ni siku ngapi hayajasemwa.

Walirudi wawili tu, Anselm akiwa amezuiliwa abaki ale. Bi Batuli alikaa nyuma ya baiskeli kama alivyokwenda. Walipofika kwenye ile barabara ya misafara, Karani akasimama. Hakufumba macho.

"Bi Batuli. Mimi nimekosa."

"Mimi nani?"

Akalitazama dole la Anselm lililokauka kifuani pake. "Mimi Justus," alisema. "Nililionea wivu paja la kuku. Nikasema umechoka, na hukuwa umechoka. Tangu uliponinyima marahaba asubuhi zangu zimekuwa mbaya, na si kwa sababu ya wateja."

Bi Batuli alirekebisha kanga yake.

"Shikamoo zako ziko ngapi?"

"Kumi na sita. Kumi na saba ukiweka na ile niliyorudia siku ya kwanza."

"Sukuma baiskeli," alisema Bi Batuli. Karani akasukuma, na nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayechambua mchele, akasikia, "Marahaba. Marahaba. Marahaba," moja moja, vidole vikihesabu, mpaka nyumba za kwanza za Gongoni. Hapo akanyamaza. Karani, aliyekuwa naye anahesabu, alingoja.

"Imebaki moja," alisema.

"Najua. Hiyo utapewa kesho asubuhi, ukiwa umekaa mezani kwako."